Risala ya wazazi, walimu na wazee wa Fungurume: maneno ya kwetu yaingie darasani

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Jimbo la Lualaba, Kolwezi
Kwa Mheshimiwa Waziri wa Jimbo anayesimamia Elimu
Kwa Mkuu wa Divisheni ya Elimu na wakaguzi wote wa shule
Kwa Msimamizi wa Teritware ya Lubudi na machifu wa kimila
Kwa wakuu wa makampuni yanayochimba shaba na kobalti katika ardhi yetu

Waheshimiwa,

Sisi tunaoweka sahihi chini ya risala hii ni wazazi wenye watoto katika shule za Fungurume, walimu wa shule hizo, wazee wa vijiji vya Basanga vinavyouzunguka mji, na vijana waliomaliza masomo wakabaki hapa. Tumekutana mara kadhaa, tumebishana, na mwishowe tumekubaliana kuwaletea jambo moja. Watoto wetu wanamaliza miaka 6 ya shule ya msingi bila kusoma hata ukurasa mmoja uliotoka vinywani mwa watu wanaoishi nao. Hadithi ya bibi, wimbo wa matanga, jina la kilima, asili ya ukoo, kazi aliyoifanya babu wa babu: yote hayo hubaki nje ya mlango wa darasa, na mtoto huyakuta tena anaporudi nyumbani mchana.

Aliyeshika kalamu ni mwalimu wa darasa la mwaka wa tatu. Wenzangu wamenipa kazi hii, nami nitasema "sisi" kwa yale tuliyokubaliana wote, na "mimi" kwa yale niliyoyaona kwa macho yangu.

Nimeona hivi. Siku moja nilikuwa nafundisha sehemu za mmea. Kitabu kilikuwa kimoja tu, cha Kifaransa, mikononi mwangu. Watoto walikuwa na madaftari. Nikauliza kwa Kifaransa mizizi ina kazi gani. Kimya. Nikamtazama msichana mmoja ambaye mama yake analima mihogo ng'ambo ya mto, na kila Jumamosi wako pamoja shambani. Akasimama, akasema polepole: "Minayua, mwalimu, lakini mu Kifalanse njo shiyue." Nikamwambia basi aseme kwa lugha anayoijua. Akaeleza habari za mizizi, akataja muhogo mtamu na muhogo mchungu, akaeleza kwa nini ule mchungu hulowekwa majini kabla ya kuanikwa na kusagwa unga wa bukari. Kitabu changu hakikuwa na hata nusu ya maelezo hayo. Lakini mtihani wa mwisho wa shule ya msingi huandikwa kwa Kifaransa, na siku hiyo ikifika, mtoto yule ataandikiwa kwamba hajui.

Mzazi mmoja kati yetu ana kumbukumbu nyingine. Alipokuwa mtoto, katika shule moja ambayo hatuitaji kwa sababu hatukuja kushtaki shule moja, alivishwa kipande cha ubao shingoni kwa kosa la kumwita mwenzake kwa Kisanga. Alitembea nacho mpaka alipomnasa mwingine akisema lugha ya nyumbani, ndipo akamvisha yule. Leo yeye mwenyewe ni baba wa watoto watano. Hajawahi kuwasemesha Kisanga. Katika mkutano wetu alisema angependa kuanza sasa, ila hajui aanzie wapi, na maneno mengine yamekwisha kumtoka. Tuliomsikia hatukuwa na la kumjibu.

Waheshimiwa, tunaloliomba limo ndani ya sheria za nchi. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika ibara yake ya kwanza, inataja Kifaransa kuwa lugha rasmi, kisha inazitaja lugha 4 za taifa: Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba. Inaendelea kusema kwamba lugha nyingine za nchi ni urithi wa utamaduni wa Kongo, na kwamba Serikali ina wajibu wa kuzilinda. Kisanga kimo katika maneno hayo, na Kiyeke, na Kilunda, na Kichokwe, na Kikaonde. Sheria ya elimu namba 14/004 ya tarehe 11 Februari 2014 ikasogea mbele zaidi: lugha za taifa, au lugha za mahali mtoto anapoishi, zitumike kufundishia na zenyewe zifundishwe kama somo.

Hatukuanza jana kulizungumza jambo hili. Mageuzi ya elimu ya mwaka 1962 yalikiweka Kifaransa kuwa lugha ya kufundishia tangu mwaka wa kwanza wa shule. Mwaka 1974 wataalamu wa lugha wa nchi nzima walikutana Lubumbashi, mji wetu mkubwa, kutafuta namna ya kuzirudisha lugha za watu shuleni. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kituo cha uchunguzi wa lugha, CELTA, tangu mwaka 1971. Vitabu vya kuanzia kusoma kwa Kiswahili vimekwisha kuandikwa na kuchapishwa nchini, kwa mfano kupitia mradi wa elimu wa ACCELERE. Tangu mkutano ule wa Lubumbashi imepita zaidi ya nusu karne, na darasani kwangu Kiswahili kingali lugha ya kuamrishia: kaa chini, nyamaza, futa ubao. Ikifika saa ya elimu yenyewe, Kiswahili kinafungiwa nje.

Hapa tuseme ukweli wote, hata ule unaotugusa sisi wenyewe. Kiswahili si lugha moja tu. Mara chache kitabu cha Kiswahili kinapofika kwetu, mtoto anakuta "watoto wanacheza uwanjani", naye nyumbani anasema "batoto banacheza mu kiwanja". Anakuta jahazi, mnazi na pwani, vitu ambavyo hajaviona na ambavyo baba yake pia hajaviona. Kiswahili chetu cha Katanga kilikuja na misafara ya biashara na Bayeke, kikakomaa katika kambi za wafanyakazi wa kampuni ya migodi ya Union Minière, mahali ambapo Mluba wa Kasai, Mbemba, Mrundi na Msanga walipaswa kuelewana kabla king'ora hakijalia. Kina sarufi yake na kina adabu yake. Walimu wengi wanakionea haya, wanakiita Kiswahili kibovu mbele ya watoto, halafu wanakitumia sokoni dakika ile ile wanapotoka shuleni. Tunaomba mwalimu aanze na Kiswahili hicho, amwongoze mtoto hatua kwa hatua mpaka Kiswahili sanifu kinachosomwa Dodoma, Nairobi na Bujumbura, kwa kuwa tangu mwaka 2022 nchi yetu imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki na watoto hawa watakihitaji. Ila aanze alipo mtoto.

Wako watakaosema kwamba lugha zetu hazina vitabu, kwamba darasani hatuna cha kuingiza. Hoja hii ndiyo iliyotuuma kuliko zote, na tumekaa muda mrefu kuijibu.

Tuanze na shaba, kwa sababu kwayo dunia inaifahamu Fungurume. Mtoto wa hapa anaambiwa kwamba uchimbaji ulianza na mashine kubwa. Mzee yeyote wa Kisanga atamwambia kwamba mukuba, yaani shaba, ulichimbwa na kuyeyushwa hapa kabla Mzungu wa kwanza hajafika. Kazi ilifanywa wakati wa kiangazi, mavuno yakiisha. Wanawake na watoto walishiriki kuokota mawe ya kijani. Tanuri lilijengwa kwa udongo wa kichuguu, moto ukawashwa kwa makala ya miti migumu, mivukuto ya ngozi ikapulizwa, na shaba iliyoyeyuka ikamiminwa katika mchanga ikawa misalaba. Misalaba hiyo ilinunua nguo, chumvi na jembe, ililipa mahari, ilisafiri mbali sana na vilima hivi. Wayeyushaji walikuwa chama chenye siri, miiko na nyimbo zake. Mwaka 1926 mmisionari Mbenediktini Jean-Félix de Hemptinne aliandika habari zao kwa Kifaransa, akawaita "walaji wa shaba". Kula shaba maana yake kuishi kwayo. Maandishi hayo yanasomwa na wanahistoria Ulaya na Marekani. Mwanafunzi wa Fungurume, ambaye huenda ni kitukuu cha mmoja wa watu hao, hajayaona kwa Kifaransa wala kwa Kisanga.

Na asiseme mtu kwamba Kisanga hakiandikiki. Mbenediktini mwingine, Hadelin Roland, alichapisha sarufi yake mwaka 1937. Lugha iliyokuwa na sarufi iliyochapwa karibu miaka 90 iliyopita haikosi kitabu cha mwaka wa kwanza kwa sababu ya ugumu wake. Inakikosa kwa sababu hakuna aliyeagiza kiandikwe.

Teritware yetu ya Lubudi ina Bunkeya ndani yake. Huko Msiri, mfalme wa Bayeke, alikuwa na makao yake makuu, na huko ndiko Kapteni Omer Bodson alikomuua kwa risasi tarehe 20 Desemba 1891. Vitabu vya shule vinakitaja kifo hicho kwa sentensi moja au mbili. Lakini Bayeke wanayo masimulizi yao, na Mwenda Munongo alichapisha kurasa za historia ya Bayeke huko Lubumbashi mwaka 1967. Basanga, ambao mwaka ule wa 1891 walikuwa wamemwasi Msiri, wanayo masimulizi mengine, na hayafanani. Katika mkutano wetu mzee mmoja wa Kisanga na mama mmoja wa Kiyeke walisimulia habari hiyo hiyo mmoja baada ya mwingine. Vijana walisikiliza kwa zaidi ya saa nzima bila kushika simu. Huu ni mwaka wangu wa tisa wa kufundisha historia, na sijawahi kuona darasa likisikiliza vile. Mtoto anayesikia pande zote mbili anajifunza kupima ushahidi, na hiyo ndiyo kazi ya somo la historia.

Mwana wa Bunkeya ile ile alikuwa Jean-Bosco Mwenda, aliyepiga gitaa na kuimba kwa Kiswahili cha kwetu. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, na wimbo wake "Masanga" ukaenda mbali, mpaka wapiga gitaa wa Ulaya na Marekani wakakaa chini kujifunza jinsi vidole vyake vilivyokuwa vikitembea. Maneno ya nyimbo zake ni ushairi wa mji wa migodi: kazi, safari, mapenzi, ndugu. Mwalimu akiyaandika ubaoni, mwanafunzi atapata somo la lugha ambalo hatalisahau. Likasi ilimtoa pia V. Y. Mudimbe, aliyezaliwa huko mwaka 1941, akawa mmoja wa wanafikra wakubwa wa Afrika. Wanafunzi wa sekondari wa Fungurume wanapita Likasi kila wanapokwenda Lubumbashi, na wengi wao jina hilo hawajalisikia.

Kuna pia kitabu kimoja ambacho mimi binafsi ningependa kila mwanafunzi wa sekondari akishike mkononi. Mwaka 1965 chama cha watu waliokuwa wakitumikia nyumba za Wazungu, wapishi na maboi, kilitoa historia ya mji wa Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, kwa Kiswahili cha Katanga, kupitia kalamu ya André Yav. Watu waliofagia sakafu na kusikia kila kitu waliandika namna wao walivyouona ukoloni. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian alikichapisha upya mwaka 1990 pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Fabian huyo huyo aliyahifadhi masimulizi na picha za mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, aliyeichora historia ya nchi yetu mwaka 1973 na 1974 na kuieleza picha kwa picha kwa Kiswahili. Nyingi ya picha hizo ziko katika makumbusho ya Amsterdam. Kwa hiyo mwanafunzi wa Uholanzi anaweza kusimama mbele ya historia ya Katanga iliyosimuliwa kwa Kiswahili chetu, na mwanafunzi wa Katanga hana hata nakala ya karatasi.

Tungeweza kuendelea. Baluba wana kasala, sifa za ukoo zinazotungwa na kuimbwa kwa ustadi unaohitaji miaka kuujua. Walunda wa Kapanga wanasimulia habari za Ruwej na bangili ya ufalme, rukan, iliyomfikia mwindaji aliyetoka kwa Baluba. Ni hadithi moja inayoyafunga makabila mawili. Wachokwe wa Dilolo huchora mchangani michoro ya sona, mstari mmoja unaozunguka vitone bila kuinua kidole, na wataalamu wa hesabu wameichunguza. Mwaka 2023 UNESCO iliiandika sona ya Angola, ng'ambo ya mpaka, katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Hesabu hiyo inaweza kufundishwa uwanjani kwetu, bila kitabu wala umeme.

Sasa tuseme juu ya vilima. Wanaopita njia kuu kati ya Likasi na Kolwezi wanavijua vilima vya shaba kwa kukosa miti. Juu yake huota majani na maua yanayostahimili shaba, mengine hayapatikani mahali pengine popote duniani, na wachimbaji wa zamani walijua kusoma ardhi kwa mimea hiyo. Kila kilima kina jina, na jina lina kisa. Tangu uzalishaji mkubwa ulipoanza hapa mwaka 2009, vilima vimechimbwa, na vijiji vingine vimehamishwa. Fidia huhesabiwa kwa nyumba, mashamba na miti ya matunda. Hatujaona orodha ya fidia iliyohesabu kisa. Mzee anapohamishwa kutoka kilima ambacho ndicho kilichomkumbusha hadithi, mara nyingi hadithi inakatika hapo. Wawili kati ya wasimulizi tuliokuwa tumewategemea kwa kazi hii wamefariki kabla ya kusikilizwa na mtu yeyote mwenye kalamu.

Waheshimiwa, lipo jambo zito ambalo tusingekuwa waaminifu kama tungelipita kimya. Tunapodai maneno ya kwetu, tunakumbuka kwamba neno "mwenyeji" katika nchi hii lina damu juu yake. Mwaka 1992 na 1993 watu wa asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi kwa jina la wenyeji; walilala kwenye vituo vya treni wakingoja mabehewa, na wengi walikufa, hasa watoto. Wapo miongoni mwa waliotia sahihi hapa waliokuwa watoto katika vituo vile. Wapo pia ambao wazazi wao walikuwa upande ule mwingine. Kwa hiyo tunasema pamoja, na tumelipima kila neno: tunaomba sauti za mahali hapa ziingie darasani ili kila mtoto anayekaa kwenye benchi azisikie, mtoto wa Msanga na mtoto wa Mluba wa Kasai, na sauti ya nyumba ya kila mmoja ipate saa yake. Mtoto wa Kasai ajue jina la kilima anachokiona dirishani. Mtoto wa Msanga asikie hadithi ambayo bibi wa jirani yake alikuja nayo kutoka Mbuji-Mayi. Yeyote atakayetaka kuitumia risala hii kumtoa mtu darasani au mjini, sahihi zetu hazimo katika kazi yake.

Tumesikia pia hofu ya wazazi wengine, na tunaiheshimu. Wanasema: nimemleta mtoto shule apate Kifaransa, apate kazi kampuni, Kisanga anacho nyumbani. Sisi pia tunataka watoto wetu wajue Kifaransa, na wakijue vizuri kuliko sasa. Mimi hupokea watoto wa mwaka wa tatu wanaosoma ukurasa mzima wa Kifaransa kwa sauti nzuri, nikiwauliza umesema nini, hawajui. Wamejifunza kutamka. Mtoto aliyejifunza kwanza kwamba maandishi yana maana, kwa lugha anayoielewa, huibeba elimu hiyo mpaka kwenye lugha ya pili. Na mfano hauko mbali. Ng'ambo ya mpaka, Zambia, Kikaonde, Kilunda na Kiluvale ni kati ya lugha 7 za nchi zinazofundishwa shuleni. Wakaonde wako pande zote mbili za mpaka. Mtoto wa Solwezi anasoma Kikaonde katika kitabu cha shule. Ndugu yake wa upande wa Kongo anakisikia tu. Damu na lugha ni zile zile, na mgodi wa shaba upo huku na kule.

Kwa sababu hizo, tunaomba yafuatayo.

Tunaomba, kabla ya yote, amri ya maandishi kutoka Divisheni ya Elimu kwa shule zote za teritware, kwamba hakuna mtoto atakayeadhibiwa, kudhihakiwa wala kupunguziwa alama kwa kusema lugha ya nyumbani. Hii haihitaji fedha. Inaweza kutiwa sahihi wiki hii.

Tunaomba sheria ya mwaka 2014 itekelezwe katika miaka ya kwanza ya shule ya msingi hapa Fungurume: Kiswahili kiwe lugha ya kufundishia, Kifaransa kikifundishwa kama somo mpaka mtoto akiweze, na wakaguzi wanapokuja wamkague mwalimu kwa sheria hiyo. Mpaka leo mwalimu anayeeleza hesabu kwa Kiswahili anafanya hivyo kwa kujificha, akisikiliza kama mkurugenzi anapita.

Tunaomba kitabu. Kiwe kitabu cha kusomea kilichotungwa Lualaba, chenye hadithi na masimulizi ya hapa kwa Kiswahili na kwa Kisanga, na kingine kwa shule za Dilolo, Sandoa na Kapanga kwa lugha za huko. Kazi hii ifanywe na walimu pamoja na wazee, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wakisaidia tahajia. Jina la kila msimulizi liandikwe chini ya hadithi yake, na haki ya hadithi ibaki kwa ukoo wake. Yale ambayo ukoo utasema ni ya siri, yasichapwe. Tumechoka kuona maneno ya wazee wetu katika vitabu vya watu wengine yakiwa hayana mwenyewe.

Hapo mtatuuliza fedha zitatoka wapi. Sheria ya madini iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018 inaagiza kwamba katika mrabaha wa madini, ule tunaouita redevansi, asilimia 25 iende kwa jimbo na asilimia 15 kwa mamlaka ya mahali machimbo yalipo. Zaidi ya hayo, kila kampuni inatakiwa kutenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoguswa, na kukubaliana na wakaaji daftari la masharti. Tumeona fedha za namna hiyo zikijenga visima na kuta za madarasa, tunashukuru, maana watoto walikuwa wakisomea chini ya paa za nyasi. Ila ukuta hausomeki. Tunataka katika daftari la masharti lijalo kuwe na mstari wenye maneno haya waziwazi: utungaji, uchapaji na usambazaji wa vitabu vya lugha za mahali. Na tunataka tuuone mstari huo kabla haujatiwa sahihi, kwa lugha tunayoisoma.

Tunaomba pia kwamba kabla kijiji chochote hakijahamishwa, wasimulizi wake wasikilizwe na kurekodiwa, majina ya vilima, mito na makaburi yaandikwe, na nakala iwekwe katika shule iliyo karibu. Serikali ya jimbo iandikie makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, na ya Amsterdam kuomba nakala za yale yanayotuhusu. Hatudai leo vitu vyenyewe. Madai hayo yana wakati wake. Tunadai nakala ambazo mtoto anaweza kuzishika.

Na walimu. Hatuwezi kumwomba mwalimu ajifunze kufundisha kwa lugha mbili ilhali wengi wetu bado ni wale wa "N.U.", walioajiriwa na shule lakini hawajaingizwa katika malipo ya Serikali. Tangu elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa bure mwezi wa Septemba 2019, mzazi hatoi tena ile prime, yaani mchango wa kumlipa mwalimu, jambo ambalo ni haki yake kwa Katiba, lakini mwalimu asiye na mshahara amebaki kati ya mzazi na Serikali. Wapeni walimu hawa mishahara yao. Kisha katika shule zinazoandaa walimu kuwe na somo la lugha na fasihi simulizi ya jimbo. Nao wazee wanaokuja kufundisha walipwe kama wataalamu wengine wanaoitwa shuleni. Mzee aliyetembea kilomita kadhaa kuja kusimulia habari ya matanuri ya mukuba hapaswi kurudi nyumbani na asante peke yake.

Tunaomba jibu kwa maandishi, na tunaomba mje Fungurume. Msituite Kolwezi. Njooni asubuhi ya siku ya masomo, mkae nyuma ya darasa, msikilize. Wazee wawili, mmoja wa Kisanga na mmoja wa Kiyeke, wamekwisha kukubali kuja darasani kwangu kila Ijumaa tangu mwaka wa masomo utakapoanza mwezi wa Septemba. Mkurugenzi amesema hana pingamizi, ila hawezi kufungua mlango bila barua kutoka Divisheni. Barua hiyo ndiyo tunayoingoja.

Kwa heshima,

Wazazi, walimu, wazee na vijana wa Fungurume
Teritware ya Lubudi, Jimbo la Lualaba